Saa Moja Iliyopotea Chattanooga: uchambuzi wa kisa cha familia moja katika mji wa makumbusho

Kisa ninachokichambua hapa kilitokea Jumamosi moja ya Juni 2023 katika mji wa Chattanooga, kusini-mashariki mwa jimbo la Tennessee nchini Marekani. Waliohusika ni watu saba wa familia moja: dada yangu na mumewe, watoto wao watatu, mama yetu ambaye alikuwa amekuja kututembelea kwa miezi mitatu kutoka Tanga, na mimi niliyekabidhiwa kazi ya kupanga safari. Watoto walikuwa na umri unaomtoa jasho mpangaji yeyote, kwa sababu mkubwa alikuwa msichana wa miaka 14 asiyetaka kuonekana mtoto, wa kati alikuwa mvulana wa miaka 9 anayeuliza swali kila hatua, na kitinda mimba alikuwa na miaka 4 na bado alihitaji usingizi wa mchana. Mama alikuwa na miaka 71 na magoti yasiyopenda ngazi.

Ninakiandika kisa hiki kwa kuwa jamaa wengi wanaoishi Nashville, Atlanta na miji mingine ya karibu huniuliza Chattanooga kuna nini cha kuwaonyesha watoto, nami kwa muda mrefu nilikuwa nikiwajibu kwa kuwatajia majina ya mahali. Jibu la namna hiyo ndilo lililotuponza sisi wenyewe.

Orodha yangu ilikuwa na mambo saba kwa siku moja. Tungeanza na Tennessee Aquarium, ambako kuna matangi ya samaki na wanyama wa majini. Tuingie Creative Discovery Museum, makumbusho ya watoto. Tupande kilimani kwenye Hunter Museum of American Art kutazama picha. Kisha tuelekee Lookout Mountain, mlima uliopakana na mji, tupande treni ya Incline Railway, tushuke pangoni Ruby Falls, tupite bustani ya miamba ya Rock City, na jioni tumalizie kwenye daraja la Walnut Street. Kwenye karatasi ilipendeza. Nilikuwa nimehesabu mahali, sikuhesabu hatua za mguu, wala maegesho ya gari, wala magoti ya mama, na zaidi ya yote sikuhesabu saa.

Nashville na Chattanooga ziko katika jimbo moja, lakini haziko katika saa moja. Nashville hufuata saa za kati za Marekani, Chattanooga hufuata saa za mashariki, na mpaka wa saa hizo unapita njiani baada ya kuvuka milima ya Monteagle. Umbali ni takriban kilomita 215, mwendo wa saa mbili na robo hivi kwa gari. Tuliondoka nyumbani Nashville saa mbili kamili asubuhi tukiwa na uhakika kwamba saa nne na robo tutakuwa mlangoni, robo saa kabla ya muda ulioandikwa kwenye tiketi zetu, maana pale tiketi hukatwa kwa muda maalumu wa kuingia. Tulifika saa nne na robo ya Nashville, yaani saa tano na robo ya Chattanooga. Shemeji alitazama simu yake, akatazama saa ya gari, akanitazama mimi. Hakusema kitu, na ningefurahi zaidi kama angesema.

Dirishani tulipangiwa muda mwingine, saa saba na nusu mchana. Tulikuwa na saa mbili na robo mikononi, watoto watatu, mama, jua la Juni, na kikapu cha chapati na mayai ya kuchemsha ambacho dada alikuwa amekifunga kwa ajili ya kurudi. Kuanzia hapo ratiba yangu ilikufa, na ninavyoona mimi, siku yenyewe ndipo ilipoanza.

Ili msomaji aelewe kwa nini muda ule wa kungoja haukutuharibia siku, inafaa aelewe mji wenyewe umekaaje. Chattanooga ni mji mdogo kwa vipimo vya Marekani. Sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 181,000 hivi. Mto Tennessee unapinda na kuukumbatia, na milima inauzunguka kama kingo za bakuli. Bakuli hilo lilikuwa na ubaya wake, kwa sababu moshi wa viwanda vya chuma na makaa ulikuwa ukinasa ndani. Mwaka 1969 mji ulitangazwa katika taarifa ya habari ya televisheni ya taifa kuwa ndio wenye hewa chafu kuliko miji yote ya Marekani, na wazee wa pale husimulia kwamba madereva waliwasha taa za magari mchana. Viwanda vilipoanza kufungwa, hewa ilisafika, lakini kazi zilipungua na katikati ya mji pakawa patupu. Mwaka 1984 uliendeshwa mchakato wa wazi ulioitwa Vision 2000, ambapo watu wapatao 1,700 walikaa mikutanoni wakisema wanataka mji wao uweje, na jambo lililorudiwa sana lilikuwa kuurudia mto ambao viwanda na barabara vilikuwa vimewatenga nao.

Kwa hiyo Tennessee Aquarium, iliyofunguliwa tarehe 1 Mei 1992 kwa gharama ya dola milioni 45, haikujengwa pembeni mwa mji kwenye uwanja mkubwa wa magari, bali ukingoni kabisa mwa mto, mahali palipokuwa pamechakaa. Daraja la Walnut Street, lililofunguliwa mwaka 1891 na kufungwa kwa magari mwaka 1978 kwa sababu ya uchakavu, liliponea chupuchupu kubomolewa. Wakazi walilipigania, na mwaka 1993 likafunguliwa upya kwa waendao kwa miguu. Makumbusho ya watoto yalifuata mwaka 1995, mitaa miwili tu kutoka kwenye samaki. Bustani ya Coolidge ilifunguliwa ng'ambo ya mto mwaka 1999, na mwaka 2005 mpango wa dola milioni 120 ulikamilisha ukingo wa mto, jengo la pili la samaki na upanuzi wa jumba la sanaa. Ukizitazama tarehe hizo kwenye ramani utaona kwamba kila kilichoongezwa kiliwekwa mahali ambapo mguu wa mtoto unaweza kufika kutoka kwenye kilichotangulia. Tena lipo basi la umeme lisilotoza nauli linalopita katikati ya mji, ambalo lilianza mwaka uleule wa 1992. Huo ndio uzuri wa mji huu kwa familia, na haumo katika orodha yoyote ya majina.

Sisi tuliugundua kwa njaa. Mdogo alianza kulia, tukatafuta kivuli, na kutoka kwenye uwanja wa mbele ya matangi tukashuka njia ya ngazi pana inayopita chini ya barabara kuelekea mtoni. Njia hiyo inaitwa The Passage. Maji yanatiririka kwenye ngazi zake hadi kwenye kidimbwi kisicho na kina, na siku ya joto utawakuta watoto wa mji mzima wamo ndani, nguo zimelowa, wazazi wamekaa pembeni wameshika viatu. Wa kati na mdogo hawakungoja ruhusa. Sisi wakubwa tulikaa kwenye ukingo wa saruji, dada akafungua kikapu, na mama akaanza kumenya mayai huku akitazama ukutani.

Ukutani pana maduara saba makubwa ya udongo wa kuchoma, kila moja likikaribia mita mbili kwa upana, yenye michoro ya rangi. Mama aliuliza ni ya nini. Hakuna aliyejua, na hapo ndipo yule mkubwa, ambaye tangu asubuhi alikuwa amejifungia kwenye visikilizi vya masikioni, alipoinuka akaenda kusoma. Alirudi akatueleza kwa sauti ya mtu aliyekuta kitu ambacho hakutarajia. Maduara yale yalitengenezwa na wasanii wa Wacherokee, watu waliokuwa na nchi hii. Mahali tulipokuwa tunakula chapati paliitwa Ross's Landing, gati ya John Ross, mfanyabiashara aliyekuja kuwa mkuu wa taifa la Wacherokee. Mwaka 1838 askari waliwakusanya Wacherokee makambini kwa nguvu ili wahamishiwe magharibi, katika eneo ambalo leo ni Oklahoma, na kundi la kwanza liliondokea gatini hapa kwa mashua mwezi Juni mwaka huo. Maelfu walikufa kambini na safarini. Maji yanayoteremka ukutani yalikusudiwa kuwa machozi.

Mama aliacha kumenya. Akawatazama wajukuu wake wakirushiana maji, akauliza kama inafaa watoto kucheza mahali kama hapo. Dada alisema waondolewe. Shemeji alisema waliojenga walijua watoto watacheza, la sivyo wasingeyafanya maji kuwa mafupi kiasi kile. Mimi nilikubaliana na shemeji wakati ule na bado ninakubaliana naye, ingawa ninaelewa kwa nini mama alisita, kwa kuwa kwetu mahali pa msiba hapachezewi. Hatukuwaondoa. Mkubwa alimwita mdogo wake wa kiume na kumwonyesha ukutani, akamweleza kwa maneno machache, yule mvulana akasimama kidogo maji yakimchuruzika, akauliza kama wale watu walirudi, akajibiwa kuwa wengi hawakurudi, kisha akarudi majini akicheza taratibu zaidi kwa dakika kama tatu.

Saa saba na nusu tuliingia kwenye Tennessee Aquarium. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu jengo la kwanza, linaloitwa River Journey, limejengwa kwa akili ambayo kila anayesimamia makumbusho ya familia angefaa kuitazama. Mgeni hupandishwa kwanza hadi juu kwa ngazi ndefu ya umeme, na safari inaanzia kileleni, katika msitu wa milima ya Appalachia chini ya paa la kioo, penye maporomoko ya maji na fisi maji wanaopiga mbizi. Kutoka hapo njia yote ni ya kuteremka. Unafuata maji: kijito cha mlimani, mto, ziwa la bwawa, kisha vinamasi vya Mississippi vyenye mamba na kobe wakubwa, kuelekea Ghuba ya Mexico. Mtoto hahitaji ramani, maana anajua kwamba maji yanashuka na yeye anashuka nayo. Bibi mwenye magoti mabovu naye hahitaji kuomba radhi kwa mtu, kwa sababu mlima ameshapandishwa na njia iliyobaki ni mteremko wa taratibu.

Mama ndiye aliyelielewa jengo hilo kabla yetu. Tulipofika kwenye tangi la ziwa, alimwambia mjukuu wake, "Basi ni kama Pangani. Unaanzia Kilimanjaro na Meru, unakuja mpaka kwetu baharini, na njiani wameuziba kwa mabwawa." Mvulana alitaka kujua samaki hupitaje kwenye bwawa. Swali hilo lilijibiwa hatua chache mbele, kwenye maji yenye stajeni, samaki mrefu wa kale mwenye magamba kama ya mfupa mgongoni, ambaye mgeni anaruhusiwa kumgusa. Mto Tennessee ulizibwa kwa mabwawa mengi tangu miaka ya 1930; lile la Chickamauga, lililo juu kidogo ya mji, lilikamilika mwaka 1940. Mabwawa, uvuvi na uchafu vilimmaliza stajeni katika mto huo, na tangu mwaka 2000 taasisi hii kwa kushirikiana na wengine imekuwa ikifuga vifaranga na kuwarudisha mtoni. Jike anaweza kuishi hadi miaka 150. Mvulana alihesabu kwa vidole, kisha akasema kwa uchungu wa kweli kwamba stajeni waliofunguliwa mwaka aliozaliwa watakuwa hai yeye ameshazikwa.

Kosa letu la pili lilikuwa kuunganisha jengo la pili, Ocean Journey, bila kupumzika. Mdogo alilala begani kwa baba yake mbele ya papa, hakuona pengwini wala komba wa Madagaska, na mkubwa alirudi kwenye visikilizi vyake. Mambo ya aina moja, hata yakiwa mazuri namna gani, yanamshinda mtoto baada ya saa moja na nusu. Ningekuwa na nafasi ya kurudia, ningetoka nje baada ya jengo la kwanza, nikale, kisha nirudi jengo la pili saa za mwisho.

Hata hivyo tusingeingia humo, tungekosa jambo moja. Kuna kidimbwi cha wazi ambamo taa, wale samaki bapa wenye mwiba mkiani, huogelea karibu na uso wa maji, na wageni huinama kuwagusa mgongoni. Wa kati alikwishatumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko mama alipomvuta nyuma kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. "Mwiba!" alisema. Mhudumu alimweleza, nami nikatafsiri, kwamba hapakuwa na hatari. Mama hakuridhika kwa maneno. Aliinama, akasubiri taa mmoja apite, akautazama mkia wake kwanza kama mtu anayekagua kitu sokoni, akatazama wa pili, na wa tatu ndiye aliyemgusa, kwa vidole viwili, haraka. Halafu akacheka peke yake. Alituambia kwamba kwao mvuvi akimpata taa, jambo la kwanza ni kuutafuta mwiba, na kwamba miaka yote 71 hakuwahi kumgusa aliye hai.

Tulitoka saa kumi na moja kasoro. Milima tulikwishaiacha, na sijutii. Lookout Mountain ina vivutio vya zamani na vyenye sifa yake: treni ya Incline ilianza kazi mwaka 1895, na mahali penye mwinuko mkali zaidi njia yake inafikia asilimia 72.7, maporomoko ya Ruby Falls yaligunduliwa pangoni mwaka 1928 na yanashuka mita 44 gizani, Rock City, iliyoko upande wa Georgia, imekuwa ikipokea wageni tangu mwaka 1932. Lakini kila kimoja kina tiketi yake na foleni yake, na gari ni lazima. Rock City ina njia nyembamba kati ya miamba na vidato vingi visivyomfaa mwenye magoti mabovu. Mlima unataka siku yake peke yake, bila kuchanganywa na mji, na bila kumburuta mtu wa miaka 71 kwa ajili ya kutimiza orodha.

Tulichokifanya ni kwenda kwenye daraja. Shemeji alijitolea kulizungusha gari hadi ng'ambo kupitia daraja la magari la Market Street, ambalo jina lake rasmi ni la yuleyule John Ross, na nilitegemea mama atapanda naye. Alikataa kwanza, alitaka kuona wanakoanzia wenzake. Tukatembea polepole hadi kichwa cha daraja upande wa kusini, na hapo tukakuta kilichogeuza jioni yetu, ambacho hakikuwamo katika orodha yangu kwa sababu sikudhani ni cha watoto.

Ni kumbukumbu ya Ed Johnson, iliyozinduliwa Septemba 2021: sanamu tatu za shaba na maandishi marefu. Johnson alikuwa kijana mweusi aliyeshtakiwa mwaka 1906 kwa kumbaka mwanamke mzungu, akahukumiwa kifo katika kesi iliyoendeshwa kwa haraka na hofu. Mawakili wawili weusi wa mji huo, Noah Parden na Styles Hutchins, waliipeleka rufaa hadi Washington, na Jaji John Marshall Harlan wa Mahakama ya Juu ya Marekani akasimamisha utekelezaji wa hukumu. Usiku wa tarehe 19 Machi 1906 umati ulimtoa jela, ukamtundika kwenye daraja lilelile tulilokuwa tunataka kulivuka, na kumpiga risasi. Mahakama ya Juu ilimshtaki sherifu Joseph Shipp na wenzake kwa kuidharau, kesi pekee ya jinai iliyowahi kuisikiliza yenyewe, na mwaka 1909 ikamtia hatiani. Alihukumiwa kifungo cha siku 90. Mawakili wale wawili walilazimika kuuhama mji. Hukumu dhidi ya Johnson ilifutwa mwaka 2000.

Hapo dada na mumewe walipishana. Dada alitaka tupite, akasema kwa Kiswahili kwamba siku ilikuwa ya watoto na watakuja kuyasoma hayo wakikua. Shemeji hakuwapo, alikuwa kwenye gari, lakini kwenye simu alisema binti wa miaka 14 ni mkubwa wa kutosha, hasa binti mweusi anayesoma shule ya Tennessee. Wakati wakibishana, binti mwenyewe alikuwa amekwisha kusoma nusu. Alisoma maandishi yote, akarudi kwa sanamu za mawakili, akamuuliza mama yake kwa nini watu waliofanya kazi yao vizuri ndio waliohama. Dada alikaa kimya, kisha akasogea akasimama naye. Mdogo aliyeamka wakati huo aliuliza wale ni nani. Bibi yake akamwambia, "Ni watu waliomtetea mwenzao," na kwa mtoto wa miaka 4 ilitosha.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi, na hapa ndipo ninapotofautiana na waelekezi wengi wa safari za familia. Wao huyatenga mambo ya watoto na mambo ya historia nzito, kana kwamba mzazi anaweza kuchagua lango moja na kuliacha jingine. Katika mji huu haiwezekani, kwa kuwa maji ya kuchezea yako chini ya ukuta wa Wacherokee, na daraja la kuelekea kwenye bembea linaanzia miguuni pa Ed Johnson. Mzazi atakutana nayo tu. Kosa langu kama mpangaji lilikuwa kutowaambia dada na shemeji mapema, wakakubaliana nyumbani nani aelezwe nini, badala ya kubishania jambo hilo kwa simu mbele ya watoto. Kwa mwenye mtoto mkubwa anayetaka kuendelea, kipo pia kituo cha utamaduni kilichopewa jina la Bessie Smith, mwimbaji mashuhuri wa bluzi aliyezaliwa mjini hapo mwaka 1894, kinachoeleza historia ya Wamarekani weusi wa Chattanooga.

Mama alipanda gari, sisi tukavuka kwa miguu. Daraja lina urefu wa mita 724, sakafu yake ni ya mbao, na kwa sababu hiyo huhitaji matengenezo makubwa mara kwa mara. Anayekwenda aulize kwanza kama liko wazi. Watoto walikimbia, wakasimama, wakachungulia mashua. Upande wa kulia nyuma yetu lilionekana jumba la sanaa la Hunter juu ya jabali. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1952 katika nyumba ya kifahari ya mwanzoni mwa karne iliyopita, na sasa limeunganishwa na jengo la mwaka 2005 lenye umbo la mabati yaliyokunjwa. Nimewahi kuingia peke yangu, na maoni yangu ni kwamba kwa mtoto mdogo nusu saa inatosha: chagueni picha tatu, muacheni asimulie anachokiona, mtoke kabla hajachoka. Makumbusho ya watoto nayo yanataka kinyume chake. Yule wa miaka 4 angeyahitaji asubuhi nzima, yule wa 14 asingehitaji hata dakika, na hilo pekee lingetosha kunifanya niigawe familia makundi mawili badala ya kuiburuta pamoja.

Ng'ambo, katika bustani ya Coolidge, mama alikuwa amekwisha kuketi kwenye benchi akitazama bembea ya kuzunguka yenye wanyama wa mbao waliochongwa kwa mkono. Watoto wawili walipanda mara tatu. Hata mkubwa alipanda mara moja, akidai ni kwa ajili ya kumshika mdogo. Pembeni kulikuwa na chemchemi za kuruka kutoka ardhini, na nguo zilizokauka tangu mchana zililowa tena. Katika yale mambo saba tulikuwa tumefanya mawili. Fedha iliyotutoka ilikuwa ya tiketi za samaki, bembea, maegesho na mafuta, kwa sababu mengine yote, ukuta, kumbukumbu, daraja na chemchemi, hayana lango la kulipia.

Tuliondoka saa mbili usiku kwa saa ya pale, na ingawa mwendo ulikuwa uleule wa saa mbili na robo, tulifika nyumbani saa tatu na robo, watoto wamelala, ile saa ya asubuhi tumerudishiwa. Kesho yake mama alimpigia simu dada yake Tanga. Nilikuwa jikoni nikamsikia akimsimulia kwa kirefu kuhusu ukuta unaolia na watoto wanaochezea machozi yake, na upande wa pili wa simu paliguswa, maana kulikuwa na kimya. Kisha akashusha sauti, kama anayetoa siri ya wenyeji wake, akamwambia kwamba huku watu wazima wanakata tiketi, wanapanga foleni, ili wamguse taa.